Mkandarasi au Mafundi wa Kijijini? Namna ya Kuchagua Njia ya Ujenzi

Fedha za mradi zinapopokelewa, swali la kwanza katika kata nyingi za Bukoba na Muleba huwa ni nani atakayejenga. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 inatoa njia kadhaa, na mbili kati ya hizo ndizo zinazofahamika zaidi vijijini.

Ya kwanza ni zabuni ya ushindani. Hutangazwa katika mfumo wa NeST, na mshindi huwa mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Yeye hununua vifaa na kuajiri mafundi, na kasoro zikijitokeza katika kipindi cha matazamio huzirekebisha kwa gharama zake.

Ya pili ni fosi akaunti. Hapa shule au zahanati husika hununua saruji, nondo na mabati chini ya usimamizi wa halmashauri, kisha fundi hulipwa ufundi tu. Njia hii ilitumika kwa wingi katika ujenzi wa madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 ulioanza mwaka 2021, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20. Faida ya mkandarasi haimo katika hesabu, na wananchi huweza kuchangia mchanga, mawe na nguvu kazi. Hata hivyo, ukuta ukipasuka, hakuna mkandarasi wa kudaiwa. Hasara ni ya umma.

Kwa hiyo unafuu wa bei si kipimo pekee. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, lilikumbusha kuwa uimara haupunguziwi bei. Darasa la kawaida linafaa fosi akaunti, iwapo mafundi stadi wapo na mhandisi hufika mara kwa mara. Ghorofa au daraja kubwa huhitaji mkandarasi. Katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, gharama ya kuvusha vifaa ziwani iingizwe katika makisio tangu mwanzo, kwa njia yoyote itakayochaguliwa.

Fosi akaunti husimama juu ya kamati tatu: ya ujenzi, ya ununuzi na ya mapokezi. Anayenunua asiwe anayepokea. Mkutano wa kijiji, unaofanyika kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pa kuuliza: mifuko mingapi ya saruji imenunuliwa, mingapi imepokelewa, na mingapi imetumika?