Dondoo muhimu: Mzee, kabla ya kuomba kibali cha bastola

Wizi wa usiku ukizidi mtaani, baadhi ya wastaafu wa Tanzania huanza kuulizia silaha. Pima haya kwanza.

1. Anza na nyumba: komeo imara, taa ya nje, namba ya polisi kata na ya jirani anayeamka.
2. Jipime macho, masikio na mikono gizani. Anayepita koridoni saa nane usiku huenda ni mjukuu anayekwenda chooni.
3. Ukinywa dawa za usingizi, au pombe jioni, acha wazo hili.
4. Nyumbani kukiwa na mtu mwenye sonona, pia acha. Hapa sina mjadala.
5. Kibali ni cha mtu, si cha familia: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, usimwazime mwanao wala mlinzi bastola yako.
6. Usiifiche chini ya mto. Ifungie kwenye kasha la chuma, risasi kando, ufunguo uwe nao wewe. Ndiyo, kuitoa kutachelewa. Kama hilo halikufai, silaha haikufai.
7. Usijigambe kijiweni: majambazi huifuata bastola yenyewe.
8. Usimfyatulie risasi anayekimbia: mahakama hupima nguvu uliyotumia dhidi ya hatari iliyokukabili.
9. Bastola ikipotea, ripoti polisi mara moja.
10. Waambie warithi mapema: ukifariki, waipeleke polisi, wasigawane kama shamba.