MAJIRANI WA MLIMA MMOJA
Maelezo kwa wakulima juu ya kukinga udongo kwa kazi ya shirika

Mvua kubwa inyeshapo, nenda ukasimame kando ya mto ulio chini ya mlima wenu, utazame rangi ya maji. Yakiwa mekundu na mazito kama uji wa wimbi, ujue kuwa wauona udongo wa mashamba ukienda zake. Huo ndio udongo wa juu, ambao ndani yake mna samadi yako, majani yaliyooza, na chakula chote cha mimea. Chini yake ni udongo mgumu usio na nguvu, na mahindi yapandwayo humo hutoa bua jembamba na gunzi lenye punje za kuhesabika.

Wakulima wengi wayajua hayo. Tena wako waliokwisha kuchimba matuta katika mashamba yao wenyewe, wakaona mvua moja tu imeyavunja yote, wakakata tamaa na kusema kuwa matuta ni kazi bure. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili yao. Kosa halikuwa katika matuta, wala mchimbaji hakuwa mvivu. Kosa ni kwamba alichimba peke yake, na maji hayajui mpaka. Mwenye shamba la kati hupokea maji ya shamba lililo juu yake, na yule wa juu hupokea maji ya kilele, ambapo pengine ni malisho ya watu wote au mwamba mtupu. Tuta lililopimwa lizuie maji ya shamba moja haliwezi kuzuia maji ya mashamba matatu. Kwa hiyo katika habari ya maji mlima mzima ni shamba moja, ijapokuwa una wenyewe thelathini, na kazi yake haina budi kufanywa na wote wakaao hapo.

Habari za Ukambani

Katika nchi ya Kenya, wilaya ya Machakos, ambayo siku hizi ni kaunti mbili za Machakos na Makueni, udongo ulikuwa umeharibika vibaya katika miaka ya 1930. Vilima vilikuwa vitupu, makorongo yamekata malisho, na wataalamu waliopita huko waliandika kana kwamba nchi ile imekwisha kufa. Serikali ya kikoloni ilidhani kuwa dawa yake ni amri. Mwaka 1938 ng'ombe wa watu walichukuliwa kwa nguvu ili wapunguzwe. Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi kudai haki yao, wakakaa huko, hata serikali ikaacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Lakini kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishwa akapelekwa Lamu. Baadaye, katika miaka ya 1940, watu walilazimishwa kuchimba matuta. Matuta yalichimbwa, lakini mengi hayakutunzwa, maana mtu hatunzi kitu alichopewa kwa fimbo.

Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka, kazi ilipoanza kufanywa kwa dasturi ya Wakamba wenyewe iitwayo mwethya. Tangu zamani mtu mwenye kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kufyeka msitu, aliwaalika majirani, nao wakaja na majembe yao, akawalisha, na zamu yao ilipofika naye akaenda kwao. Wapare wana dasturi ya namna hiyo waiitayo msaragambo, na Wakikuyu wana ngwatio. Vikundi vya mwethya vilichagua viongozi wao wenyewe, vikaamua ni shamba la nani litangulie, na ni tuta la namna gani linalofaa. Wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, na hata leo ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wengi waliacha kwa muda, kwa kuwa kazi ile ilikuwa bado ikiwakumbusha amri za kale. Kisha wakairudia kwa hiari yao, kwa sababu waliona shamba lenye matuta likivunwa katika mwaka wa mvua haba, na shamba la jirani lisilo na matuta halina kitu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari za wilaya hiyo. Mwaka 1932 wenyeji walikuwa kama 240,000. Mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Mtu angedhani kuwa watu wakizidi hivyo nchi itaharibika zaidi. Kinyume chake, udongo ulikuwa umekingwa kuliko zamani, na mavuno ya kila mtu yalikuwa yameongezeka.

Wa kuwalinganisha nao ni wenyeji wa milima ya Uluguru, katika Tanganyika ya wakati ule. Huko, tangu karibu na mwaka 1950, kila mtu alitakiwa kukata matuta ya ngazi kwa amri, apende asipende. Matuta yale yaliufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule mbaya, na Waluguru, ambao walikuwa wakiilima milima hiyo tangu enzi za wazee wao, waliliona jambo hilo upesi kuliko mabwana shamba. Mwaka 1955 kulitokea fujo huko Matombo. Polisi walipiga bunduki, mtu mmoja akafa, na mpango mzima ukaachwa. Hapakuwa na mtu aliyewauliza kwanza wenye mlima.

Kuanza kikundi

Anzeni wachache. Nyumba 15 au 20 za upande mmoja wa mlima zatosha, nazo ziwe za watu ambao maji yao hukutana. Msigawe kikundi kwa ukoo wala kwa dini. Gaweni kama maji yanavyogawanyika. Chagueni kiongozi ambaye watu humsikiliza bila ya kuogopa, na mwandishi mmoja wa kuandika zamu. Daftari hilo likae kwa kikundi wala lisipelekwe kwa mkubwa wa serikali, kwa maana siku litakapokuwa orodha ya wakosaji, watu hawatakuja tena.

Hesabu ifuatayo yaonyesha kwa nini watu wengi hufaa kuliko mmoja. Shamba la ekari 1 ni kiasi cha hatua 70 kwa hatua 70. Kama mteremko ni mkali kiasi, matuta huachana hatua 10, basi yatakuwa matuta 7 yenye urefu wa hatua 490 kwa jumla. Mtu mmoja, ikiwa udongo si mgumu mno, huchimba hatua 5 hivi kwa asubuhi moja. Akiwa peke yake atahitaji karibu siku 100, na mvua itamkuta kabla hajafika nusu. Watu 20 watamaliza shamba hilo kwa asubuhi 5.

Chakula kimevunja vikundi vingi kuliko ugumu wa kazi. Mwenyeji mmoja huchinja mbuzi, wa pili huona aibu akachinja mbuzi wawili, na wa tatu, ambaye ni maskini, husema kuwa shamba lake halihitaji matuta. Kubalianeni tangu siku ya kwanza kuwa mwenyeji atatoa uji na maji ya kunywa tu, na pombe iwe baada ya mavuno. Mgonjwa, mjane na mzee wachimbiwe bila ya kudaiwa siku zao, na hasa wasiwekwe mwisho wa zamu.

Kupima

Kazi yote huanzia juu na kushuka chini. Wengi hupenda kuanza na shamba la kiongozi, au lililo karibu na barabara ili wageni walione. Mvua ya kwanza ikija, maji ya juu hulivunja. Kwanza chimbeni mfereji wa kukinga maji ya kilele, ulio juu ya mashamba yote, na kuyapeleka mahali palipoota majani mengi. Mahali hapo pakiwa hapana majani, pandeni kwanza, mngoje yashike, ndipo mwelekeze maji huko. Msipofanya hivyo mtakuwa mmechimba korongo kwa mikono yenu.

Tuta halina budi kufuata usawa wa nchi, si kwenda upande wa juu wala wa chini. Jicho hudanganya, kwa hiyo tumieni kipimo. Chukueni miti miwili iliyonyoka, ya urefu sawa, ya kimo cha mtu. Ifungeni pamoja juu na kuipanua chini, kisha mfunge mti wa tatu katikati kwa kulala, ili ifanane na herufi A. Kutoka kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe, ishuke mpaka chini ya mti uliolala. Simamisheni miguu ya kipimo juu ya vigingi viwili, mtie alama pale kamba inapogusa mti uliolala. Sasa kigeuzeni, mguu wa kulia ukae pa kushoto, mtie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tieni alama ya tatu hapo kwa kisu. Tangu hapo, kila kamba inapotulia juu ya alama hiyo, miguu yote miwili iko sawa. Endeni hivyo mkipiga vigingi kutoka upande huu wa mlima hata upande wa pili, mkivuka mipaka ya mashamba bila ya kuinua kipimo. Kazi hiyo haidai elimu ya shule. Mwachieni kijana mwenye subira.

Kuchimba

Tuta lililowapendeza Wakamba huitwa fanya juu, na jina lake ndilo maelezo yake. Chimba mtaro wa futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana, ukiutupa udongo upande wa juu wa mlima, wala si upande wa chini. Kuutupa juu kwachosha mgongo, twakubali. Lakini udongo ushukao na mvua hukutana na tuta hilo ukasimama, na mwaka baada ya mwaka sehemu iliyo kati ya tuta na tuta hulala yenyewe ikawa kama ngazi. Hivyo mvua ndiyo ikufanyiayo sehemu kubwa ya kazi, na udongo mzuri haufukiwi kwa siku moja kama ulivyofukiwa Uluguru. Acha nafasi ya futi 1 kati ya mtaro na tuta, udongo usirudi mtaroni. Juu ya tuta panda matete au majani mengine ya ng'ombe yenye mizizi mingi, ambayo hushika udongo, nawe utayakata kuwa malisho. Ndani ya mtaro, ambamo maji hukaa, migomba na mipapai hustawi.

Katika nchi kavu ziba ncha za mtaro, maji yazame humo. Katika nchi ya mvua nyingi uache uteremke kidogo sana kuelekea njia ya maji yenye majani, au tuta litapasuka.

Njia na makorongo

Kuna mahali pasipo na mwenyewe, napo ndipo penye hatari kubwa. Njia ya ng'ombe ishukayo moja kwa moja mtoni huwa mfereji katika mvua ya kwanza, na korongo katika mvua ya tano. Kila mtu hupita hapo, na kila mtu hungoja mwingine aitengeneze. Toeni siku moja katika kila zamu kwa ajili ya njia: igeuzeni ipite kwa kuzunguka mlima, na ile ya zamani mwifunge kwa miiba. Korongo lililokwisha kuanza lizuieni kwa mawe na matawi yaliyofungwa, mkianzia kichwani pake ambapo bado ni dogo. Kingo zake pandeni mkonge. Kizuizi kiwe chini katikati na juu pembeni, maji yapite juu yake. Kikiwa kimeinuka katikati, maji yatakizunguka na kula kingo.

Jirani asiyetaka

Katika kila mlima yuko mmoja, na mara nyingi shamba lake ndilo lililo juu. Msimpeleke barazani. Pengine anaogopa kuwa kipimo chenu kitahamisha mpaka wake, na hofu hiyo si ya upuuzi, kwa maana mashamba mengi yaliibwa kwa kamba. Mwiteni atazame mkipima, mwonyesheni kuwa vigingi vya mpaka havikuguswa, na mwandishi aliandike jambo hilo mbele ya wazee wawili. Akikataa bado, chimbeni mtaro mpana zaidi katika shamba lililo chini yake, uyapokee maji yake, mwendelee. Mwaka wa mvua haba atayaona mahindi yenu akiwa mlangoni pake.

Wakati wa kuchimba ni baada ya mavuno, kabla mvua hazijaanza. Siku ile mvua ya kwanza inyeshapo, msikae ndani. Kiongozi na watu wanne au watano wafuate kila tuta tangu juu hata chini wakiwa na majembe, maji yakali yakitembea, kwa kuwa wakati huo ndipo mahali palipo dhaifu hujionyesha. Palipobomoka pazibwe siku ile ile, shamba liwe la nani.