Leseni ni Ile Ile: Mafunzo Niliyopata Nikisaka Nafasi ya Kusomea Uuguzi

Nilifika Minnesota na shahada ya biashara kutoka Kenya, nikaishia kuvaa glavu. Hapa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, ukienda kununua unga wa ugali utawakuta Wakenya watatu dukani, na wawili kati yao wanawahi zamu. Kwa miaka minne nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee: kuogesha, kulisha, kugeuza mgonjwa asipate vidonda, kubadilisha shuka.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeniambia kuna njia ya watu kama mimi. Mwenye shahada ya fani nyingine huingia moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili ya uuguzi, akasoma kwa kasi, akatoka na sifa ya kufanya mtihani wa leseni. Nilimpigia Mama simu, Likoni, Mombasa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Haraka yote hiyo, mwanangu, nani anailipia?" Nilicheka. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

1. Leseni ni ile ile.

Nilidhani uzamili ungenipandisha juu ya wengine. La. Aliyesoma miaka miwili kwenye chuo cha jamii, mwenye shahada ya kwanza na mimi wa uzamili, sote hufanya mtihani mmoja, NCLEX-RN: maswali kati ya 85 na 150, muda usiozidi saa tano. Kompyuta hukupa swali gumu zaidi au jepesi zaidi kulingana na unavyojibu, na haina habari na shahada yako. Tena, programu nyingi za aina hii hazikufanyi kuwa muuguzi mwenye mamlaka ya kuandika dawa. Hutoa muuguzi wa kawaida, na baadhi humwandaa pia kwa cheti cha kuongoza huduma wodini. Hospitali iliyoniajiri ilinipa mshahara wa kuanzia sawa na wa mwenzangu wa shahada ya kwanza. Uzamili utanifaa nikitaka kufundisha au kusonga mbele, lakini nilichokuwa nikinunua hasa ni muda. Columbia ya New York hutangaza miezi 15, University of Minnesota miezi 16. Ukijua unanunua muda, utauliza bei yake.

2. Masomo ya awali ndiyo mlango wenyewe.

Shahada haitoshi. Vyuo vingi hutaka anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili pamoja na maabara, mikrobiolojia, takwimu, na mara nyingi lishe na saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Takwimu nilikuwa nayo, tena alama ya A, lakini ilikuwa ya miaka 11 nyuma. Chuo kimoja kilitaka isizidi miaka mitano, kingine saba. Nikairudia jioni, nimekaa na vijana wa miaka 19. Chuo cha tatu hakikukubali maabara iliyosomwa mtandaoni. Mwishowe nilichora jedwali nikalibandika kwenye friji: kila chuo na mstari wake, kila somo na safu yake, umri wa somo kwa kalamu nyekundu. Kati ya vyuo tisa nilivyovitamani, vinne nilivifuta kabla sijatumia hata senti.

3. Makaratasi ya nyumbani yatangulie.

Matokeo ya Kenya lazima yatathminiwe somo kwa somo na shirika kama WES au ECE, na kwa kawaida hawapokei nakala kutoka mkononi mwako. Chuo ulichosomea ndicho kinachotuma. Bahasha yangu ilichukua karibu miezi minne. Binamu yangu alikwenda mara tatu kukaa kwenye benchi la ofisi ya usajili. Mara ya kwanza akaambiwa afisa yuko mkutanoni, ya pili kwamba nadaiwa kitabu cha maktaba, ya tatu kwamba muhuri umekwisha wino. Wakati huo dirisha la chuo kimoja lilifungwa. NursingCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, hukuwezesha kutuma kwa vyuo vingi kwa mkupuo, lakini kila chuo kina tarehe yake na hakuna kinachongoja wino wa mtu. Anza na bahasha kabla hujaanza na barua.

4. Barua yako iwe yako.

Rasimu yangu ya kwanza ya barua ya maombi ilianza hivi: "Tangu utotoni nimependa kuwasaidia watu." Nilimpa msimamizi wetu wa zamu, mama mmoja wa Kisii aliyekuwa nesi kwa miaka mingi. Akanirudishia. "Hii hata mimi ningeiandika," alisema. "Hata shemeji yangu muuza magari. Wewe uko wapi humu?"

Nikakumbuka mzee mmoja Msomali aliyeletwa kwetu. Siku tatu alikataa chakula, na kwenye faili ikaandikwa kwamba amechanganyikiwa na hana ushirikiano. Siku ya nne nilimsikia akinung'unika kitu kilichofanana na Kiswahili. Nikainama nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Akafungua macho. "Marahaba." Kumbe aliwahi kuishi Eastleigh miaka mingi. Akaweka kidole shavuni pake: jino. Hakuwa amechanganyikiwa, alikuwa anaumwa jino. Nilimwita nesi, akapigiwa simu daktari wa meno, na kesho yake jioni mzee akala uji bakuli zima.

Niliandika hayo tu, na nikaeleza kwamba nilitaka kuwa yule anayeruhusiwa kuchukua hatua baada ya kugundua jino. Kwenye usaili waliniuliza kuhusu mzee huyo kuliko walivyoniuliza kuhusu alama zangu.

5. Uliza klinikali, yaani mazoezi ya kazi, ziko wapi, kisha pima barabara.

Tovuti zote zina picha ya mwanafunzi anayetabasamu na stetoskopu shingoni. Hakuna picha ya Januari. Siku ya kutembelea chuo kimoja nilimvuta pembeni mwanafunzi nikamuuliza, "Wewe klinikali yako iko wapi?" Akataja mji ulio mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Zamu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo yeye huamka saa tisa za usiku kukwangua barafu kwenye kioo. Chuo kingine kiliwataka wanafunzi wajitafutie wenyewe mahali pa mazoezi. Nilikifuta kwa kalamu nyekundu papo hapo.

Uliza pia mambo mawili ya msingi. Je, programu imeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo na kuthibitishwa na chombo kinachotambulika, kama CCNE au ACEN? Na wangapi hufaulu NCLEX kwa mara ya kwanza? Bodi nyingi za majimbo hutangaza takwimu hizo chuo kwa chuo. Chuo kisichotaka kuzungumzia takwimu zake kimekwisha kukujibu.

6. Deni la haraka hukua haraka.

Mwanafunzi wa uzamili mwenye green card au uraia huweza kukopa serikali kuu hadi dola 20,500 kwa mwaka, na riba huanza kuhesabiwa siku pesa zinapotoka. Karo ya miezi 15 inaweza kupita kiwango hicho kwa mbali. Wengi wetu tuliziba pengo kwa mkopo wa Grad PLUS, lakini sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeufunga kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Wanaoomba sasa wafanye hesabu upya. Na anayefikiria kurudia shahada ya kwanza ili apate ruzuku ya Pell asihangaike: aliyekwisha kupata shahada, hata ikiwa ya Nairobi, hana haki nayo. Angalia badala yake Nurse Corps, ufadhili wa serikali unaolipa masomo nawe ukatumikia angalau miaka miwili mahali penye uhaba wa wauguzi. Muulize na mwajiri wako. Makao yetu yalikuwa na kifungu cha kusomesha wafanyakazi, na hakuna aliyekitumia kwa sababu hakuna aliyeuliza.

7. Usilipe amana kwa woga.

Nilituma maombi vyuo vitano. Viwili vilinikataa, kimoja kikaniweka kwenye orodha ya kungojea. Cha kwanza kunikubali kilinipa wiki mbili kulipa amana isiyorudishwa. Nikalipa usiku uleule, mikono ikitetemeka kwa furaha. Siku tisa baadaye kikanikubali kile nilichokitaka. Fedha zile zilikuwa mishahara ya zamu nne za usiku, na zimekwenda. Tumia siku zote ulizopewa. Vipigie simu vyuo vingine uulize majibu yatatoka lini. Wengi hujibu kwa upole.

8. Nani anailipia haraka?

Nilibaki na barua mbili za kukubaliwa mezani kwa dada. Moja ya chuo chenye jina kubwa, jimbo la mbali, miezi 15. Nyingine ya chuo cha hapa, jina lisilosisimua mtu Mombasa, miezi 20. Mume wangu ni dereva wa trela, kuna wiki halali nyumbani hata usiku mmoja. Mtoto wetu alikuwa na miaka sita. Tulichukua karatasi tukaandika siku saba za wiki, na mbele ya kila siku jina la mtu atakayemchukua shuleni au kukaa naye. Kwa chuo cha mbali, siku nne zilibaki wazi. Kwa chuo cha hapa, dada aliandika jina lake mara tano, bila kuniangalia usoni, kisha akainuka kwenda kuchemsha chai. Hapo nikaelewa swali la Mama. Dada ndiye aliyelipia miezi ile 20, kwa jioni zake na usingizi wake.

Leo beji yangu ina herufi mbili, RN, sawasawa na za yule mama wa Kisii aliyeanzia chuo cha jamii. Kwa hiyo wewe mwenye shahada kabatini na glavu mkononi, orodha ya vyuo bora iache kwanza. Chukua karatasi, andika siku saba, na mbele ya kila moja jina la mtu. Zikijaa zote, lipa ada ya maombi.