SOMO LA KIINGEREZA: NENO DOGO KATIKA MKATABA

Hapa Uganda mikataba yetu mingi huandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Mimi pia niliishia darasa la saba. Somo la leo halihitaji shule kubwa. Linahitaji kalamu na macho ya kutazama maneno madogo.

Soma sentensi hii: "The employer may provide gumboots and gloves." Maana yake, mwajiri anaweza kutoa gambuti na glavu. Anaweza. Asipotoa, hajavunja mkataba. Sasa futa "may", uandike "shall": "The employer shall provide gumboots and gloves." Hapo mwajiri amefungwa, ni lazima atoe. Maneno mengine yote yamebaki pale pale.

Jambo hili nililijua kwa hasara. Miaka iliyopita nilikuwa katika kamati ya majadiliano ya shamba moja la chai. Tuliona neno "gumboots" tukapeana mikono, tukatia sahihi. Mvua ilipoanza, wachumaji waliingia shambani na ndara. Tulipokwenda ofisini kudai, meneja alifungua mkataba akaweka kidole juu ya "may". Hakusema neno. Na sahihi zilikuwa zetu.

Tazameni pia "and" na "or". Ikiandikwa "gumboots or gloves", mwajiri akikupa glavu peke yake amemaliza deni lake. Na "provide" haisemi nani analipa. Ongezeni "free of charge" mwishoni, yaani bila malipo, ili bei ya gambuti isije ikakatwa kwenye mshahara.

Hapa pana mtego ambao hata waliosoma sekondari hunaswa. "May" ni hiari, lakini "may not" si hiari. "A worker may not leave the machine" haina maana kwamba mfanyakazi anaweza asiondoke kwenye mashine akipenda. Maana yake haruhusiwi kuondoka. Kwa hiyo katika sentensi ya kukataza, "may not" na "shall not" zote mbili zinakufunga. Ajabu ya Kiingereza ni kwamba neno linalomwacha mwajiri huru ndilo hilo hilo linalomfunga mfanyakazi, likiongezewa "not" tu.

Kwenye barua za kuondoka kazini, angalieni zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatenganisha "dismissal" na "termination". La kwanza ni kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu uliothibitika. La pili ni mwajiri kukatisha kazi kwa sababu nyingine ya haki, isiyo kosa lako. Neno la tatu ni "resign", yaani nimeacha kazi mwenyewe. Ukiletewa karatasi yenye "I resign" nawe hukuomba kuacha kazi, usitie sahihi. Omba nakala, uilete kwa mwakilishi wa tawi siku hiyo hiyo.

Zoezi kabla ya mkutano wa tawi. Andika sentensi hii kwenye daftari: "The company may give a sick worker transport or medicine." Badilisha maneno mawili tu, ili mgonjwa apate usafiri pamoja na dawa, na kampuni isiwe na njia ya kukwepa. Njoo na daftari lako, tutasahihishana.