Mazoezi ya Nguvu: Panga Lengo Unaloweza Kulifikia

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia mazoezi ya nguvu, yaani yale yanayoifanya misuli ibebe au isukume uzito kuliko ilivyozoea. Wengi wakisikia jambo hili huwafikiria vijana wanaonyanyua vyuma nyuma ya nyumba, wale waliomimina zege katika makopo mawili ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Mzee wa miaka 65 huona hayamhusu. Mama naye husema kuchota maji na kutwanga kunamtosha. Sisi tunaona kwamba hao ndio yanaowahusu zaidi.

Sababu yake ni hii. Kuanzia umri wa miaka 30 na kitu, mtu asiyeipa misuli yake kazi nzito huanza kuipoteza, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya miaka 60 upungufu huo huenda kasi zaidi. Hauleti homa wala maumivu, kwa hiyo hakuna anayekwenda zahanati kwa ajili yake. Siku moja tu mtu anatambua kwamba hawezi kuinuka kitandani bila kushika ukuta. Baadaye anaogopa kuchuchumaa chooni, kwa kuwa hana hakika ya kuinuka. Katika nyumba zetu nyingi choo ni cha shimo, na mzee aliyefikia hapo huanza kunywa maji kidogo na kula kidogo ili asiende mara kwa mara. Aibu humfunga mdomo, na watoto wake hudhani amepungukiwa hamu ya chakula. Kisha huja kuanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wazee wengi hawaupati tena mwendo wao wa zamani.

JE, NI UZEE TU?

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Boston, Marekani. Waliwachukua wazee 10 waliokuwa dhaifu, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawafundisha kunyanyua uzito kwa miguu mara 3 kwa wiki, kwa muda wa wiki 8, chini ya uangalizi. Mmoja aliacha njiani. Kwa wale 9 waliomaliza, nguvu za misuli ya paja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hii ni sawa na mguu ulioweza kuinua kilo 8 kufikia kuinua karibu kilo 22. Wazee wawili waliacha kutumia fimbo za kutembelea. Watu hao hawakurudi kuwa vijana, wala hakuna aliyewaahidi hivyo. Lakini misuli ya mtu wa miaka 90 ilionyesha kwamba bado inasikia ikiambiwa ifanye kazi.

Njia waliyoitumia ilikwisha kujulikana zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwahudumia mjini Chicago askari walioumia magoti. Desturi ya siku hizo ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi, ya kurudiarudia kwa muda mrefu. Yeye aliwapa uzito mkubwa wa kunyanyua mara chache, na kadiri walivyopata nguvu akauongeza. Aliandika habari zake mwaka 1945, na mwaka 1948, akiwa na mwenzake Watkins, aliupunguza mpango huo ukawa mizunguko 3, kila mzunguko kunyanyua mara 10, na kupumzika katikati. Mpango huo unafuatwa mpaka leo mahali pengi.

Neno la kushika hapa ni kuongeza. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kwa miaka 15 anazo nguvu za ndoo ya lita 20, na ni nguvu za kweli, lakini mwili wake haujaombwa zaidi ya hapo. Siku ndoo hiyo ikianza kubebwa na mjukuu, nguvu zile huanza kwenda zake. Hata hivyo hatumwambii mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri arudi nyumbani kupiga pushapu. Huyo anahitaji chakula na usingizi. Tunawaambia wale wanaokaa dukani, ofisini, kwenye cherehani au kwenye gari siku nzima, na wale ambao umri umewaondoa shambani.

KUPANGA LENGO

Vijana wengi huanza wakiwa na picha ya kifua kipana kichwani, na baada ya mwezi mmoja huacha kwa sababu kioo hakijabadilika. Wangejua jinsi mwili unavyofanya kazi wasingekata tamaa. Katika wiki za kwanza nguvu huongezeka hasa kwa kuwa neva zinajifunza kuiamsha misuli yote kwa pamoja. Misuli yenyewe hunenepa baadaye, na taratibu. Kwa hiyo lengo la kuonekana humchosha mtu mapema, bali lengo la kutenda, linalohesabika, humpa habari njema kila baada ya siku chache.

Kipimo kizuri ni cha kiti. Kilielezwa mwaka 1999 na watafiti wawili wa California, Rikli na Jones, na hakihitaji gharama. Weka kiti imara kikiegemea ukuta, kaa, kunja mikono kifuani, kisha inuka wima na kukaa tena mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30, mwenzako akitazama saa. Kwa mwanamke wa miaka 65 hadi 69, chini ya mara 11 ni dalili ya miguu dhaifu. Kwa mwanamume wa umri huo ni chini ya 12. Asiyeweza kuinuka hata mara moja bila mikono asijilaumu, ameshapata lengo lake la kwanza.

Tuseme mama wa miaka 66 amepata mara 7. Akijiwekea kufika 15 kabla ya mwezi kwisha, ataumia goti au ataacha. Ajiwekee 9 baada ya wiki 6. Afanye siku 3 kwa wiki, akiruka siku moja katikati, maana misuli hujengwa wakati wa kupumzika. Ainuke na kukaa polepole mara 5, apumzike dakika 2, kisha arudie hivyo mara mbili tena. Akizoea, afike mara 10 kwa kila mzunguko. Mara 10 zikiwa rahisi, achukue dumu la lita 5, atie maji lita 2, alikumbatie kifuani. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi dumu hilo ni mizani tosha. Kila akizoea aongeze nusu lita. Kwa mikono, ausukume ukuta akiwa amesimama, baadaye meza nzito, na mwenye nguvu ashuke sakafuni. Maumivu ya misuli ya siku ya pili ni ya kawaida na hupita. Maumivu makali ndani ya kiungo si ya kawaida. Apunguze au aache.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, linashauri mazoezi ya nguvu pamoja na ya kushika mizani ya mwili angalau siku 3.

Wazazi huuliza kama vyuma hudumaza watoto. Mazoezi yenye msimamizi na uzito wa kiasi hayadumazi. Hatari ni lile kopo la zege linalomwangukia mtoto anayeshindana na kaka yake. Kuhusu unga wa kujenga misuli unaouzwa kwa bei kubwa, maoni yetu ni kwamba fedha hizo zinunue maharage, dagaa na mayai ya nyumba nzima.

Wenye shinikizo la damu wasome hapa mara mbili. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walipima shinikizo la watu waliozoea kunyanyua vyuma, wakati wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu. Kwa mmoja wao lilipanda hadi 480 kwa 350, ilhali la kawaida ni kama 120 kwa 80. Kubana pumzi huchangia sana kulipandisha. Basi usibane pumzi: toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha, na chagua uzito unaokuruhusu kuzungumza. Mwenye shinikizo lisilotulia, ugonjwa wa moyo, mimba au kidonda cha upasuaji amwone mganga kwanza. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, kaa chini na uache kwa siku hiyo.

Aliyekatizwa na malaria au msiba wa wiki mbili asianze pale alipoishia. Apunguze maji ya dumu yawe nusu, afanye mzunguko mmoja siku ya kwanza, na baada ya wiki moja au mbili ajipime tena kwa kiti.