Usimwambie Mtoto Anyamaze

Andiko la somo: 2 Samweli 13:1–22

Juma hili tujifunze juu ya mtoto aliyeumizwa na mtu anayemjua. Ni somo zito, lakini liko katikati yetu hapa Garsen, na Biblia haikulificha.

Tamari alitendewa uovu na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Alitoka akilia, nguo imeraruliwa; yeye hakuficha. Waliomnyamazisha ni wa nyumbani. Absalomu alimtaka anyamaze kwa kuwa mkosaji ni ndugu. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwita binti yake akamsikiliza. Miaka miwili baadaye Amnoni aliuawa kwa amri ya Absalomu. Jambo lililofunikwa halikuisha, lilikuwa likiiva.

Sasa niwaambie habari za mama mmoja wa jirani zetu Uganda. Dkt. Margaret Mungherera, aliyezaliwa mwaka 1957, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, akafanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliongoza chama cha madaktari wa Uganda, na mwaka 2013 akawa rais wa Chama cha Madaktari Duniani. Lakini mimi namkumbuka kwa jambo jingine: alianzisha shirika la Hope After Rape, ili wanawake na watoto waliobakwa wapate mtu wa kuwasikiliza na kuwatibu moyo, si kidonda cha mwili peke yake. Alifariki Februari 2017. Waliosaidiwa hatuwajui majina, na ndivyo inavyofaa.

Tunajifunza nini?

1. Uliza kabla ya kukemea. Mtoto aliyeumizwa mara nyingi hasemi. Utaona anakojoa kitandani na alishaacha, anashtuka usiku, anakataa shule, anamkimbia mtu fulani. Sisi tunasema, "Huyu ana pepo," tunamzunguka tukipaza sauti. Jamani! Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu, na sisi tumshike kwa nguvu tena? Naamini maombezi kwa moyo wangu wote. Lakini hata Yesu alimuuliza baba wa yule kijana hali ile ilimwanza lini (Marko 9:21). Ikiwa Bwana aliuliza, sisi tuna haraka ya nini?

2. Kesi ya mtoto haimalizwi nyumbani. Nimekaa katika vikao vya wazee hapa kando ya Tana. Kwa mambo ya mashamba na malisho vinasaidia sana. Lakini mbuzi anayelipwa baba hamponyi binti. Kenya ina sheria ya makosa ya ngono tangu mwaka 2006, kwa hiyo piga ripoti polisi. Mpeleke mtoto hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wake. Usimwogeshe kwanza, wala usifue nguo zake. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, na kupiga ni bure.

3. Moyo nao hutibiwa. Mguu ukivunjika tunaomba, kisha tunaenda Ngao au Hola. Akili ikiumia ni vivyo hivyo. Kumpeleka mtoto kwa daktari si kukosa imani. Na uponyaji huu huchukua muda, usimchoke.

Tena tukumbuke: mto ukifurika na familia zikibanana kambini, watoto hulala karibu na watu wasiowajua. Hapo macho yetu yawe mawili zaidi.

La kufanya juma hili: kila mzazi atenge jioni moja, azime simu, amuulize mtoto wake, "Kuna mtu unayemwogopa?" Akijibu, usimkatize, wala usimwambie anamsingizia mtu.

Tuombe: Bwana, tupe masikio ya kusikia watoto wetu, na ujasiri wa kusimama nao hata kama mkosaji ni wa kwetu. Amina.