Dakika Tano Mbele ya Darasa: Namna ya Kusoma Makala ya Kitafiti na Kuiwasilisha kwa Uaminifu



Kila muhula hali ni ileile. Mhadhiri anagawa makala za kitafiti siku ya Jumatatu, na Ijumaa kila kundi linapewa dakika tano za kuwasilisha. Katikati hapo kuna vipindi, kuna majaribio ya masomo mengine, kuna darsa msikitini na kazi za jumuiya. Matokeo yake wengi wetu husoma ikisiri peke yake, hunakili takwimu mbili kwenye slaidi, kisha husimama mbele wakiomba asitokee mtu wa kuuliza swali.

Hasara ya tabia hii haiishii kwenye alama. Ukisema "utafiti umeonesha", watu wanakuamini. Leo wanaokusikiliza ni wanafunzi wenzako. Baada ya miaka miwili watakuwa wagonjwa, wakulima au wanafunzi wako. Surat al-Hujurat, katika aya ya sita, imetufundisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, kwa kuwa habari isiyochunguzwa huwaumiza watu wasio na hatia. Takwimu nayo ni habari.

Somo hili lina sehemu mbili: kusoma makala bila kupoteza muda, na kuiwasilisha kwa muda mfupi bila kuipotosha. Ili tusizungumze hewani, tutatumia makala moja ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho.

MAKALA YETU YA MFANO

Wilaya ya Nchelenge iko katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni wilaya ya wavuvi na wakulima, na malaria huko haikauki mwaka mzima. Mwaka 2014 Victor Mukonka na wenzake walichapisha katika Malaria Journal makala kuhusu mzigo wa malaria wilayani humo kati ya 2006 na 2012. Katika miaka hiyo vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa dawa kwenye kuta za nyumba viliongezwa. Jarida hilo husomwa bure mtandaoni, hivyo unaweza kuifungua makala yenyewe na kufuatana nasi.

Takwimu inayoonekana mapema ni hii: kiwango cha malaria kilipanda kutoka asilimia 38 mwaka 2006 hadi asilimia 53 mwaka 2012.

Mwanafunzi mwenye haraka anaishia hapo. Slaidi yake itasomeka: "Vyandarua havisaidii. Malaria imepanda kutoka 38% hadi 53%." Ni sentensi inayovutia, na darasa litaikumbuka. Mmoja wao ataipeleka likizo nyumbani kwao, Kigoma au Mwanza, na mama mmoja ataona hakuna haja ya kuwafungia watoto chandarua usiku huo. Tuone kama makala ilisema hivyo.

SEHEMU YA KWANZA: KUSOMA KWA MIZUNGUKO MITATU

Usisome makala ya kitafiti kama riwaya, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Izunguke mara tatu, kila mara ukiwa na kazi yake.

Mzunguko wa kwanza: dakika kumi. Soma kichwa cha makala, ikisiri, vichwa vidogo, majedwali na michoro, kisha hitimisho. Usipige mistari wala usifungue kamusi. Andika majibu ya maswali manne tu: Waliuliza nini? Data waliipata wapi? Walikuta nini? Wanadai nini?

Wakati mwingine kichwa peke yake kinakupa dai zima. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilichapisha utafiti wa van Zwieten, Goudswaard na Kapasa kuhusu uvuvi wa ziwa hilohilo la Mweru na Mto Luapula. Kichwa chake kinataja moja kwa moja kwamba wavuvi huingia na kutoka katika kazi hiyo, na kwamba samaki wanaotegemewa wana uwezo mkubwa wa kujirudi. Hujafungua ukurasa wa kwanza, na tayari unajua utakachokwenda kukihakiki.

Dakika kumi zikiisha, amua: makala hii inanihusu au hainihusu? Makala nyingi utakazozikuta zitaishia hapa, na si dhambi. Muda wako nao ni amana.

Mzunguko wa pili: saa moja. Sasa nenda kwenye mbinu za utafiti na matokeo. Wengi huiruka sehemu ya mbinu kwa sababu ni ngumu na haina mvuto. Lakini sisi tumelelewa katika elimu inayouliza habari imepita kwa nani. Wanazuoni wa hadithi hawakuegemea matini kabla ya kuitazama sanadi. Elimu hizi mbili si kitu kimoja, ila nidhamu ni ileile: sehemu ya mbinu ndiyo inayokuambia takwimu imetoka kwa nani na imepita njia gani.

Uliza hivi: Nani alihesabu? Alihesabu vipi? Je, walihesabu kwa njia ileile tangu mwanzo hadi mwisho?

Katika makala yetu, data ni jumla za kila mwaka zilizotoka ofisi ya afya ya wilaya. Na humo ndani kuna takwimu ya pili ambayo mwenye haraka hakuiona. Mwaka 2006, asilimia 95 ya utambuzi wa malaria ulifanywa kwa kutazama dalili tu, bila kipimo cha kuthibitisha. Kufikia 2012 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 35. Maana yake, njia ya kumtambua mgonjwa ilibadilika sana ndani ya kipindi kilekile tunacholinganisha.

Fikiria mchuuzi wa dagaa aliyepima kwa ndoo mwaka wa kwanza na kwa mizani mwaka wa mwisho. Akikuambia mauzo yameongezeka, utataka kujua ni kiasi gani kimeletwa na dagaa na kiasi gani kimeletwa na mabadiliko ya kipimo.

Swali jingine la mzunguko huu: kulikuwa na mahali pa kulinganisha? Makala inaeleza mwelekeo wa wilaya moja kwa takwimu za maelezo. Haina Nchelenge ya pili isiyo na vyandarua wala dawa ya ukutani. Kwa hiyo haiwezi kutuambia hali ingekuwaje kama zana hizo zisingekuwepo. Pengine ingekuwa mbaya zaidi.

Mzunguko wa tatu: tafuta mipaka. Rudi kwenye mjadala na hitimisho ukiwinda maneno kama "huenda", "inawezekana", "kwa kiasi fulani". Humo ndimo watafiti waaminifu huweka mipaka ya dai lao. Mukonka na wenzake hawakusema vyandarua havifai. Walisema mzigo ulibaki mkubwa licha ya zana kuwafikia watu wengi, kisha wakataja maelezo yanayowezekana: huenda takwimu zinaonesha mzigo halisi, kwa sehemu kutokana na watu kuhamahama, au huenda watu wengi zaidi walifika kwenye huduma na kesi zikaripotiwa vizuri zaidi. Anayeishi kando ya ziwa lolote ataelewa hoja ya kuhamahama. Mvuvi halali mahali pamoja mwaka mzima, na chandarua kilichofungwa nyumbani hakimfuati kambini.

Ukibakiwa na muda, soma makala ya pili kuhusu jambo hilohilo. Mwaka 2019 Marisa Hast na wenzake walichapisha katika American Journal of Epidemiology tathmini ya upuliziaji wa dawa ya pirimifosi-methili uliofanyika Nchelenge kati ya 2014 na 2016. Katika maeneo yaliyolengwa, idadi ya watu wenye vimelea ilipungua kwa takriban asilimia 25 wakati wa masika, lakini haikupungua wakati wa kiangazi. Waliona kuwa upuliziaji unafanya kazi, ila peke yake hautoshi. Panahitajika zana kadhaa kwa pamoja. Angalia usiteleze hapa pia: makala hii inahusu upuliziaji, hivyo usiyahamishie matokeo yake kwenye vyandarua. Lakini tayari tuko mbali na ile slaidi ya "havisaidii".

Maliza kwa kadi ya mistari mitano, kwa maneno yako mwenyewe: swali, data, matokeo, mipaka, na jambo moja ambalo hukulielewa. Kadi hiyo itakusaidia wiki ya mitihani kuliko kurasa kumi zilizopakwa rangi ya njano.

SEHEMU YA PILI: KUWASILISHA KWA DAKIKA TANO

Kabla ya kufungua kompyuta, andika sentensi moja unayotaka msikilizaji aondoke nayo. Kwa makala yetu inaweza kuwa hii: "Nchelenge, malaria ilibaki juu kati ya 2006 na 2012 ingawa vyandarua na upuliziaji viliongezeka, na takwimu hizi peke yake haziwezi kutuambia kwa nini." Kila kitakachoingia kwenye wasilisho kiitumikie sentensi hiyo. Kisichoitumikia, kiache hata kama kinapendeza.

Kisha gawa muda:

Dakika ya 1: mahali na swali. Nchelenge ni wapi, na watafiti walitaka kujua nini?

Dakika ya 2: walihesabu vipi. Data ya ofisi ya afya ya wilaya, miaka saba.

Dakika ya 3: matokeo. 38 hadi 53, na papo hapo 95 hadi 35. Takwimu hizi mbili zisitenganishwe.

Dakika ya 4: kile ambacho makala haisemi. Hakuna eneo la kulinganisha. Wenyewe wametaja maelezo zaidi ya moja.

Dakika ya 5: faida kwetu, kisha ile sentensi yako moja. Nyamaza. Usiongeze neno.

Utaona dakika nzima imetengwa kwa mipaka. Wengi huona ni kupoteza muda, lakini hiyo ndiyo dakika inayomtofautisha mtaalamu na mpiga debe.

Kuhusu slaidi, tatu zinatosha. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mwaka 2008 shindano ambalo mwanafunzi wa shahada ya juu huieleza tasnifu yake kwa dakika 3 na slaidi 1 isiyo na mbwembwe. Kama kazi ya miaka mitatu inaweza kuenea humo, makala ya kurasa chache haitashindwa. Usibandike jedwali zima kutoka kwenye makala. Chora upya takwimu mbili au nne unazozihitaji, kwa maandishi yanayosomeka na aliyekaa nyuma kabisa. Na usisome slaidi. Darasa linajua kusoma.

Kuhusu mazoezi, simama, weka saa ya simu, na utamke kwa sauti mara tatu. Ukipitiliza muda, punguza maneno, usiongeze kasi. Hifadhi kichwani sentensi ya kwanza na ya mwisho. Katikati ongea kwa kadi yako. Sema Bismillah na uanze. Usianze na "samahani sikujiandaa vizuri", wala usimalize dakika nzima ukishukuru watu. Kama wasilisho ni la Kiingereza, jieleze kwanza kwa Kiswahili. Ukishindwa kumweleza mdogo wako aliye sekondari, bado hujaielewa makala. Na tusidhani kuwa ufupi ni upungufu: katika hadithi ya Ammar bin Yasir (r.a.) iliyopokewa na Imam Muslim, ufupi wa khutba umehesabiwa kuwa alama ya ufahamu wa khatibu.

Kwenye kazi ya kundi, msigawane makala vipandevipande, huyu ikisiri, yule matokeo. Mkifanya hivyo hakuna hata mmoja anayeijua makala nzima, na swali la kwanza litawaumbua. Kila mtu asome mbinu na matokeo; mgawane dakika za kuongea tu.

Kwenye maswali, majibu ya kweli ni matatu: "makala inasema hivi", "makala haikulisema hilo", na "sijui". Jibu la tatu halimshushi mtu. Imam Malik (rahimahullah) anasifika mpaka leo kwa kusema "sijui" katika mengi aliyoulizwa, na elimu yake haikupungua kwa hilo.

ZOEZI LA WIKI HII

Kwenye halaqa yenu, chagueni makala moja fupi ya fani yoyote. Kila mtu aizunguke mara tatu na kuandika kadi ya mistari mitano. Mmoja awasilishe kwa dakika tano baada ya swala ya Alasiri. Kisha msikilizaji mmoja, bila kuangalia popote, aseme kwa sentensi moja alichokisikia. Linganisheni na sentensi aliyoiandika mwasilishaji. Zikitofautiana, hitilafu itafutwe kwenye wasilisho kabla ya kumlaumu msikilizaji.

Ndugu yangu, mtu anayelala kando ya ziwa chini ya chandarua hatasoma Malaria Journal. Atasikia kwa aliyesikia kwa aliyehudhuria wasilisho lako. Wewe ni kiungo katika mnyororo huo, basi usiwe kiungo dhaifu.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) atujaalie elimu yenye manufaa na ulimi mkweli. Wabillahi tawfiq.